Kutoka Saa za Kujipangia hadi Saa za Ofisi: Uchambuzi wa Mpito wa Mfanyakazi

Mtu anayeacha kazi ya kujipangia saa na kuingia katika ajira ya ofisini, yenye saa ya kuingia na saa ya kutoka, huonekana na wengi kuwa ametoka kwenye mashaka na kufika kwenye nafuu, kwa kuwa sasa ana mshahara wa uhakika, bima ya afya na akiba ya pensheni. Kwa hiyo anapoanza kuchelewa, kusinzia baada ya chakula cha mchana au kulalamika kwamba siku nzima imekwisha bila kazi ya maana kufanyika, hukumu inayotolewa upesi ni kwamba hana nidhamu. Uchambuzi huu unaipinga hukumu hiyo. Kinachobadilika katika mpito wa namna hii ni kipimo chenyewe cha kazi: aliyekuwa akiuza kazi iliyokamilika sasa anauza muda wake, na badiliko hilo hugusa usingizi wake, fedha zake, ukoo wake na namna anavyofikiri, hivi kwamba si haki mzigo wote wa kuzoea ubebwe na mwajiriwa peke yake.

Inafaa istilahi zielezwe mapema. Saa za kujipangia hapa zina maana ya hali ambayo mfanyakazi anadaiwa matokeo kwa tarehe fulani, lakini hadaiwi kuonekana mahali fulani kwa saa fulani. Waliomo katika hali hiyo ni wengi na hawafanani: mwandishi wa habari wa kujitegemea anayelipwa kwa kila habari iliyochapishwa, mfasiri anayelipwa kwa ukurasa au kwa neno, mwongoza watalii ambaye miezi yake ya kazi hufuata msimu, kijana wa Nairobi anayefanya kazi za mtandaoni ambazo serikali ya Kenya imezitangaza kupitia mpango wake wa Ajira Digital, na hata mwajiriwa wa kudumu aliyeruhusiwa kufanyia kazi nyumbani tangu janga la korona la mwaka 2020 kisha akaitwa kurudi. Saa za ofisi, kwa upande mwingine, ni muda uliowekwa na mwajiri ambao mfanyakazi anatakiwa kuwepo, awe na kazi ya kufanya au asiwe nayo.

Suala hili si geni katika Afrika Mashariki kama linavyodhaniwa. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, zao lililoletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, kazi ilipimwa kwa ngwe, yaani kiasi maalumu anachokatiwa mfanyakazi kwa siku, na mkataji aliyetimiza idadi yake ya mafungu ya majani alikuwa huru kurudi kambini hata kama jua halijafika utosini. Malipo yalifuata kadi iliyoitwa kipande, ambayo ilikuwa na nafasi za siku thelathini za kazi. Kila siku ambayo ngwe ilitimizwa iliwekewa alama, na ujira ulitolewa kadi ilipojaa, si mwezi wa kalenda ulipokwisha. Mtu aliweza kufanya kazi siku nne, akakaa siku mbili kwa ajili ya shamba lake au ugonjwa wa mtoto, kisha akaendelea alipoachia. Mfumo huo haukuwa wa huruma hata kidogo, kwa sababu ujira ulikuwa mdogo na mnyapara alikuwa na mamlaka makubwa ya kuamua kama ngwe imetimia. Lakini ndani yake mfanyakazi alibaki na kitu ambacho mwajiriwa wa mshahara wa mwezi hana, nacho ni haki ya kuamua leo ni siku ya kazi au si siku ya kazi.

Bandari ya Mombasa inatoa mfano ulio wazi zaidi, kwa kuwa huko mpito wenyewe ulisimamiwa na dola. Mwanahistoria wa Marekani Frederick Cooper, katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu wafanyakazi wa bandari hiyo na katika makala yake ya mwaka 1992 kuhusu mgogoro wa muda wa kazi katika mji huohuo, ameonyesha kwamba vibarua wa bandarini, walioajiriwa kwa siku moja moja kadiri meli zilivyofika, waliujua vizuri uhuru wao na kuutumia. Aliyekuwa na chumba kwa jamaa zake au shamba nje ya kisiwa hakulazimika kwenda bandarini kila siku, na njaa pekee haikutosha kumfanya akubali masharti yoyote. Migomo ya mwaka 1934 na 1939, na hasa mgomo mkuu wa Januari 1947 uliozaa chama cha African Workers' Federation chini ya Chege Kibachia, iliwashawishi watawala kwamba kibarua asiye na kazi ya kudumu ni hatari, kwani hana cha kupoteza. Kuanzia miaka ya 1940 hadi 1950 vibarua wakaandikishwa, wakawekewa idadi ya chini ya zamu za kufanya kila mwezi, na hatimaye kazi ya kudumu ikaanza kuchukua nafasi ya kibarua. Mabadiliko hayo yalileta ujira bora kwa waliobaki kazini, na hilo halipaswi kufichwa. Ila yalitaka wakubali kwamba siku zao zote, hata zile ambazo hakuna meli gatini, zimekwisha kununuliwa.

Mwanahistoria Mwingereza E. P. Thompson alikuwa ameupa mjadala huu msingi wake wa kinadharia katika makala maarufu ya mwaka 1967, alipotofautisha kazi inayoongozwa na shughuli yenyewe, kama vile kuvua samaki wakati maji yanapofaa au kuvuna mazao yanapokomaa, na kazi inayoongozwa na saa ya ukutani, ambayo muda huwa mali ya mwajiri na kupotea kwake kukahesabiwa kuwa hasara ya fedha. Tofauti hiyo ina nguvu, lakini ikichukuliwa kama ngazi ambayo jamii zote hupanda kutoka chini kwenda juu, inapotosha. Afrika Mashariki imejaa watu wanaoishi katika mifumo yote miwili kwa pamoja: mwalimu mwenye ratiba ya vipindi asubuhi na bustani ya mchicha jioni, au karani ambaye Jumamosi ni fundi wa kamera kwenye harusi. Kwa hiyo anayeingia ofisini leo hatoki gizani kuja kwenye mwanga. Anatoka kwenye mpango mmoja wenye akili yake na kuingia kwenye mwingine wenye akili tofauti, na anayempokea akilielewa hilo nusu ya ugumu inakwisha.

Mwili ndio unaotoa malalamiko ya kwanza. Kila binadamu ana saa ya ndani inayopanga usingizi, njaa na joto la mwili kwa mzunguko wa takriban saa 24, na utafiti wa vijenzi vya saa hiyo uliwapatia Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young Tuzo ya Nobel ya mwaka 2017. Saa hiyo haifanani kwa watu wote, kwani wako wa alfajiri na wako wa usiku, na tofauti hiyo kwa sehemu hurithiwa na kwa sehemu hufuata umri, vijana wakiwa na mwelekeo wa kuchelewa kulala. Mjerumani Till Roenneberg na wenzake walilieleza mwaka 2006 pengo lililopo kati ya usingizi wa siku za kazi na usingizi wa siku za mapumziko, wakilifananisha na uchovu wa msafiri wa ndege anayevuka majira: mwili uko katika saa moja na jamii iko katika saa nyingine. Mtu aliyezoea kufanya kazi zake nzito kuanzia saa tatu usiku hadi saa nane, nyumba ikiwa kimya na umeme ukiwa wa uhakika zaidi, kisha akalala hadi saa tatu asubuhi, hawezi kuigeuza saa hiyo kwa nia njema ya siku moja. Huigeuza kidogokidogo, kwa mwanga wa asubuhi na kwa kulala saa ileile hata siku za mapumziko.

Ugumu huo huzidishwa na jiografia. Karibu na ikweta jua huchomoza yapata saa kumi na mbili mwaka mzima, na miji ya ukanda huu huamka mapema kwa desturi, adhana ya alfajiri ikitangulia na wauza chapati na maandazi wakifuata. Ofisi za umma nchini Tanzania hufunguliwa saa 1:30 asubuhi na kufungwa saa 9:30 alasiri. Mwajiriwa anayeishi Mbagala au Bunju na kufanya kazi katikati ya jiji la Dar es Salaam hulazimika kuwa barabarani kabla hapajapambazuka, kwa maana foleni haimsubiri mtu. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, yalionyesha kwamba safari ya kwenda kazini ni sehemu ya siku ya kazi ingawa hakuna anayeilipia. Mfanyakazi huru aliyekuwa akiuza saa sita za kazi kwa siku na kubaki na siku yake iliyosalia hugundua kwamba saa nane za ofisi, zikijumlishwa na foleni ya kwenda na kurudi, zimekuwa kumi na moja au kumi na mbili, na anayelihesabu hilo kuwa uvivu hajui hesabu.

Kisha kuna umakini. Aliyekuwa akijipangia saa alijifunza, mara nyingi bila kujua, kuzikusanya kazi nzito katika kipande kirefu cha muda kisichokatizwa, na kuziacha simu na ujumbe kwa wakati mwingine. Ofisi huikata siku hiyo vipande: kikao cha saa nne, mgeni wa saa tano, msimamizi anayetaka takwimu mara moja, mwenzake anayepita kusalimia, maana kutosalimiana ni utovu wa adabu. Mtafiti Sophie Leroy alieleza mwaka 2009 kile kinachoweza kuitwa mabaki ya umakini, yaani sehemu ya fikra inayobaki kwenye kazi iliyoachwa njiani wakati mtu amekwisha kuhamia nyingine, na ambayo hupunguza ubora wa ile ya pili. Mwajiriwa mpya anaposema kwamba kazi aliyokuwa akiimaliza nyumbani kwa saa tatu inamchukua siku nzima ofisini, kwa kawaida anasema kweli, na inafaa msimamizi wake ajiulize ni nani aliyezikata saa hizo.

Upande wa fedha unahitaji hesabu ya wazi, kwa sababu ndio unaovunja moyo bila kelele. Chukuliwe mfano wa mwajiriwa wa Tanzania Bara mwenye mshahara wa shilingi 1,000,000 kwa mwezi, ambaye alisoma chuo kikuu kwa mkopo wa serikali. Asilimia 10, yaani shilingi 100,000, huenda kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii. Asilimia 15, yaani 150,000, ni marejesho ya mkopo wa elimu ya juu. Na kodi ya mapato, kwa viwango vilivyoanza kutumika mwaka 2021 na kwa kiasi kinachobaki baada ya mchango wa pensheni, ni 103,000. Anachopokea ni shilingi 647,000 kabla ya bima ya afya na michango mingine, na kutoka humo hulipa nauli na chakula cha mchana ambavyo zamani havikuwemo katika bajeti yake. Mfanyakazi huru aliyeuona mshahara huo kwenye barua ya ajira na kuulinganisha na malipo ya kazi zake za zamani, ambazo pengine zilikatwa kodi ya zuio tu, alilinganisha vitu visivyolingana. Ni kweli kwamba mwajiri naye anamchangia pensheni, na kwamba faida hiyo itaonekana miaka mingi ijayo. Lakini kodi ya nyumba hulipwa sasa, na maofisa wa rasilimali watu wanaomkabidhi mtu mkataba bila kumwonyesha jinsi hati yake ya mshahara itakavyosomeka wanampeleka kwenye masikitiko ambayo yangeweza kuepukwa kwa dakika kumi.

Jambo linalosahaulika zaidi katika maandishi yanayotoka Ulaya na Marekani ni ukoo. Katika familia za Waswahili na za jirani zao, mwenye saa zake mwenyewe ndiye anayetumwa: humpeleka bibi kliniki, hufuatilia hati ya kiwanja, humpokea mgeni stendi, hukesha msibani na kusimamia kuchimbwa kwa kaburi. Siku anapoajiriwa, kazi hizo haziondoki, na mara nyingi hakuna anayeteuliwa kuzirithi. Ndugu huona kwamba amebadilika na ameanza kujiona, naye huona kwamba hawamwelewi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 ilitoa angalau siku nne za likizo yenye malipo kwa mtoto wa mwajiriwa anapougua au kufariki, na kwa kifo cha mwenzi wa ndoa, mzazi, babu au bibi, mjukuu au ndugu. Baba mdogo na mama mkubwa hawakutajwa, ingawa katika nyumba nyingi hao ndio waliomlea mtu na kumsomesha. Mwajiri anayemdai mwajiriwa athibitishe kwamba marehemu alikuwa mzazi wake kwa maana ya cheti cha kuzaliwa anazungumza lugha ya sheria iliyoandikwa kwa familia ya namna nyingine, na mgongano huo humuumiza zaidi yule ambaye hadi mwezi uliopita hakuhitaji ruhusa ya mtu yeyote kwenda kuzika.

Mzigo huo hauwaangukii wote sawasawa. Mwanamke aliyekuwa akifanya kazi nyumbani huku mtoto mchanga amelala karibu yake hupoteza, kwa kuingia ofisini, uwezo wa kuunganisha malezi na kipato, na kumlipa msaidizi wa nyumbani hupunguza mshahara mpya kabla haujatumika. Sheria hiyohiyo inampa mama anayenyonyesha mapumziko ya hadi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi, lakini haki hiyo humsaidia anayeishi karibu na ofisi pekee. Aliye umbali wa mabasi mawili huipata kwenye karatasi tu.

Haitakuwa uchambuzi wa haki, hata hivyo, kuzieleza saa za ofisi kama hasara tupu. Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walichapisha mwaka 1933 utafiti wao kuhusu Marienthal, kijiji cha Austria ambacho kiwanda chake cha nguo kilifungwa, wakaonyesha kwamba wanaume waliobaki na muda wote mikononi mwao hawakuutumia vizuri zaidi, bali siku zao zilipoteza umbo na hata wao wenyewe hawakuweza kueleza wamezitumiaje. Jahoda alikuja kueleza baadaye kwamba ajira humpa mtu, pamoja na fedha, mpangilio wa muda, mahusiano nje ya familia, lengo la pamoja, hadhi na shughuli. Ushahidi wa karibuni unaelekea upande huohuo. Katika jaribio lililofanyika kwenye kampuni ya usafiri ya Ctrip nchini China, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2015 na Nicholas Bloom na wenzake, wahudumu wa simu waliofanyia kazi nyumbani waliongeza utendaji kwa asilimia 13. Lakini waliporuhusiwa kuchagua upya, zaidi ya nusu yao walibadili nafasi waliyokuwa nayo, na upweke wa nyumbani ukatajwa miongoni mwa sababu za kurudi. Utafiti mwingine katika kampuni hiyohiyo, uliochapishwa mwaka 2024, ulionyesha kwamba kuruhusiwa kubaki nyumbani siku mbili kwa wiki kulipunguza idadi ya wanaoacha kazi kwa theluthi moja, hasa wanawake na wenye safari ndefu ya kwenda kazini, bila kudhuru utendaji. Tafiti hizo mbili zikisomwa pamoja zinaonyesha kwamba watu wengi hawaikimbii ofisi. Wanachokikimbia ni kutokuwa na sauti juu ya saa zao.

Sauti hiyo hupimwa kwenye mambo madogo. Katika ofisi na shule nyingi bado kuna daftari la mahudhurio mezani kwa katibu muhtasi, ambamo ikifika saa iliyopangwa hupigwa mstari mwekundu, na anayefika baada ya hapo husaini chini yake, jina lake likibaki hapo kwa kila atakayefunua ukurasa. Kwingineko mashine ya alama za vidole imechukua nafasi ya daftari hilo. Kuhesabu mahudhurio si kosa, kwa kuwa mgonjwa aliyeko dirishani saa mbili asubuhi ana haki ya kumkuta mhudumu. Kosa ni kuupiga mstari uleule kwa mpokeaji wa wagonjwa na kwa mchambuzi wa takwimu ambaye hakuna anayemsubiri kabla ya saa nne, kana kwamba kuwepo ndiko kazi. Msimamizi anayetaka mwajiriwa mpya aiheshimu saa ya kuingia hana budi kwanza aweze kumweleza saa hiyo inamhudumia nani.

Kipindi cha matazamio, yaani miezi ya mwanzo ambayo mwajiri humpima mwajiriwa kabla ya kumthibitisha, na ambayo nchini Kenya sheria ya mwaka 2007 iliiwekea ukomo wa miezi sita isipokuwa pande mbili zikikubaliana kuiongeza, ndicho kipindi kinachofaa kwa mazungumzo hayo. Kwa kawaida hutumika kumchungua mtu kimyakimya, ilhali kingeweza kutumika kumweka mahali panapomfaa: kufahamu saa zake za nguvu ni zipi, kumtengea asubuhi mbili kwa wiki zisizo na vikao, na kukubaliana mapema kuhusu wateja wake wa zamani, kwa sababu mwajiriwa anayemalizia kazi za watu usiku ili asiwaudhi huja ofisini asubuhi akiwa amekwisha kuchoka. Mwajiriwa naye ana wajibu wake. Anapaswa kuanza kuibadili saa ya kulala wiki kadhaa kabla ya siku ya kwanza, kuwaeleza ndugu zake mapema na kumtaja atakayeshika nafasi yake katika shughuli za ukoo, na kuacha kuiona kila dakika isiyo na kazi kama dakika iliyoibwa, kwani sehemu ya anacholipwa sasa ni kupatikana anapohitajika.

Vifungu vya kuyaruhusu hayo vimekwisha kuandikwa. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2004, ambayo imeweka kikomo cha saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, inaruhusu pia makubaliano ya maandishi yanayozikusanya saa hizo katika siku zisizozidi tano, hadi saa 12 kwa siku pamoja na muda wa chakula, na inaruhusu makubaliano ya pamoja yanayotumia wastani wa saa kwa kipindi kirefu zaidi ya wiki. Vyama vya wafanyakazi vinapokaa mezani na waajiri kujadili mikataba ya hali bora za kazi, aghalabu mshahara ndio unaomeza mjadala wote. Viongozi wa vyama hivyo wavifungue vifungu hivyo viwili safari ijayo na kudai saa za kuanza kazi zipangwe kwa aina ya kazi, badala ya kupangwa kwa jengo zima.